Kuume kwa Bunduki

Murielle aliwahi kushona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja, na kosa hilo lilimfunza kuliko mwalimu yeyote. Lilitokea La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, mwaka wake wa kwanza jijini, katika chumba cha kupanga alichokigeuza duka la ushonaji. Mwenye koti alikuwa bwana harusi. Ya siku hiyo tuyaache. Inatosha kujua kwamba tangu hapo Murielle hajawahi tena kubabaika kuhusu mkono upi ni upi. Kuume ni kwa anayevaa, si kwa anayetazama. Nguo uigeuze ndani nje, uilaze kifudifudi au uitundike kichwa chini, kuume kwake kunaenda nayo.

Cherehani ndiyo iliyomfikisha Midrand. Karakana ya bunduki ya Bwana Moffat, Mkenya mwenye leseni ukutani na kitambi asichokionea haya, ilitaka mtu wa kushona mikanda na mifuko ya bunduki za wawindaji na wanamichezo wa kulenga shabaha. Akaingia kwa sindano. Mwaka wa pili akawa anasugua vyuma. Mwaka wa tatu, wenzake wakienda kula, yeye alibaki akigonga pini kwenye mitutu chakavu, akizitoa na kuzirudisha, mpaka mkono wenyewe ukawa unajua.

Kumbe kujua si kupewa. Kila kazi ya mteja ilipoingia, Moffat alimwambia, "Siku moja, Mama Chloé. Siku moja." Wanaume walioajiriwa baada yake aliwaita fundi kabla hata hawajajua choo kiko wapi. Kwao Lubumbashi, Kongo, kuitwa mama wa fulani ni heshima, na Murielle alimpenda Chloé wake kupita kiasi. Lakini hapa karakanani jina hilo lilimweka kando kwa adabu. Alitaka kitu kimoja: mtutu wa mteja mkononi mwake, kazi ikitoka ijulikane ni yake.

Ijumaa moja asubuhi akaja Lorraine, Mkenya mfanyakazi wa benki huko Sandton, mwanamke mrefu aliyezoea kuona kazi yake ikifanywa mbele ya macho yake. Kesho yake alikuwa na mashindano. Mtutu wake mpya ulikuwa umebanwa kwenye jiriwa, tumbo juu, na kwenye ncha yake kulivishwa kile kipande cha chuma kinachobeba kilengeo cha mbele; mafundi wa hapo walikiita mguu. Jana yake, mtutu ukiwa bado mgongo juu, Moffat alikuwa ametoboa matundu mawili kupita katika mguu na mtutu. Zilibaki pini mbili tu za kuvishikanisha. Pini hizo ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na matundu yake vilevile, kwa hiyo zina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni kuume.

Moffat akasimama nyuma ya mtutu, akachomeka pini kutoka mkono wake wa kulia. Ikaingia ncha, ikagoma.

"Tundu bado limebana," akamwambia Lorraine kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa. "Wacha nilipanue kidogo tu." Akashika kekee.

Murielle, akiwa na kitambaa cha kusugulia mkononi, akaliona kosa. Mtutu umelala chali, mzee anahesabu kulia kwake yeye! Kekee ikiingia upande ule, tundu litapanuka pasipotakiwa, pini itacheza maisha yake yote, na mtutu ule ni wa kutupa. Alijua pia bosi anayesahihishwa mbele ya mteja hasahau. Vibali vyake vya kuishi nchini vilitegemea kazi hii. Lakini akamkumbuka yule bwana harusi, akapiga moyo konde.

"Patron, ngoja kwanza. Pale haiko kuume ya bunduki. Iko kuume yako weye."

Moffat akageuka polepole. "Mama Chloé, hii kazi nimeifanya miaka ishirini."

"Najua. Lakini bunduki iko na kuume yake, sawa vile muntu. Umeilalisha mugongo, kuume yake imeenda naye." Akatupa kitambaa, asiamini alivyothubutu. "Jaribu ule upande mwingine. Kwa kidole tu."

Moffat akamtazama Lorraine, akautazama mtutu, akaichukua pini na kuipeleka upande wa pili. Ikateleza, ikateleza, ikasimama ikiwa imebakiza kichwa kidogo tu nje. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Masikio yalimwaka moto kwa aibu.

"Eish," akasema. Kisha, na hili ndilo Murielle hatalisahau mpaka anaingia kaburini, akarudi hatua moja na kumnyooshea nyundo ya shaba. "Malizia."

Akaipokea. Akagonga pini ya kwanza, mlio ukawa mzito, akagonga tena, ukabadilika ukawa mkavu na mwembamba, ule mlio wa chuma kilichofika kwake. Ya pili vilevile. Akaushika mguu kwa mikono miwili akaupinda kwa nguvu zake zote. Haukucheza hata unywele. Akajisikia mrefu kuliko Lorraine.

Lorraine alikuwa amekunja mikono. "Na ikilegea kesho, nimtafute nani?"

Moffat akafungua mdomo, lakini Murielle akamtangulia. "Mimi. Lakini hautanitafuta."

Lorraine akacheka, akaomba kadi ya kazi, ile inayotoka na kila bunduki. Moffat akavaa miwani, akaandika tarehe, akaandika namba ya mtutu. Alipofika kwenye mstari wa fundi, kalamu ikasimama. Akanong'ona, kama anayeuliza jambo la aibu:

"Murielle inaandikwa na L ngapi?"

Miaka mitatu!

"Mbili," akasema, akisogeza kiti akaketi mezani pa mafundi. "Andika polepole, patron. Niko na wakati."