Mdomo Ulioliwa Upande

Risasi kumi, na hata moja haikugusa duara jeusi la shabaha. Nyingi zilitawanyika kushoto, kama punje zilizomwagika.

"Umefeli," Sajenti alisema, akiandika. "Kuanzia kesho uko jikoni. Miaka kumi na miwili porini inatosha, mama. Macho yamechoka."

Askari yule wa wanyamapori, ambaye wenzake walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake, hakuondoka. "Macho yangu mazima, afande. Bunduki ndiyo mbovu. Nimelalamika tangu mvua ziishe."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Pacha alihakikisha bunduki haina risasi, akaibeba hadi karakana ya silaha. Fundi wake alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu, na kambi nzima ilimwita Shangazi. Shangazi alipitisha pamba taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Pamba ikanasa.

"Tazama. Mdomo umeliwa upande mmoja. Risasi ikitoka, moto wa baruti unaponyokea hapa kwanza, unaipiga kikumbo mkiani. Ni kama mtu asukumwe bega akivuka kizingiti, ataendaje sawa? Nani kawafundisha kusafisha kwa kuingiza ufito wa chuma kwa mbele, ukakwangua ukingo?"

"Sajenti."

Shangazi akaguna. "Nikukatie mdomo upya, mwanangu?"

"Bado. Kwanza apige yeye."

Akarudi uwanjani. "Afande, hapa hakuna anayekushinda shabaha. Nionyeshe basi, kwa bunduki hii hii. Tano tu."

Mbele ya kikosi kizima, Sajenti angekataaje? Akalala kifudifudi, akavuta pumzi, akapiga. Tano zote nje.

Alasiri Shangazi alikereza mdomo ukawa sawa pande zote. Mama Pacha akapiga tena kumi. Tisa zikaingia kwenye jeusi.

"Haya, umefaulu. Yaishe," Sajenti alisema.

"Hayaishi, afande. Andika kwamba bunduki ilikuwa mbovu, na sababu yake. Nyingine zinasafishwa vilevile, na watu wanaingia nazo porini."

"Unanipa amri?"

"Nakuomba kwa heshima. Usipoandika, nitamwandikia mkuu mwenyewe."

Sajenti aliandika, kalamu nusura itoboe karatasi. Kesho yake akampangia zamu ya getini mwezi mzima, juani. Mama Pacha alikwenda kifua mbele. Akamzuia kila askari aliyetoka kwenda doria.

"Toa risasi kwanza. Haya, lete mdomo nione."

Wakaleta.