Mche wa Tano

Nina cheti cha kilimo cha bustani. Nilikipata shule ya usiku nikiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kushinda kutwa chini ya mabasi ya mji na spana mkononi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba niliyomfanyia Zdenka sikuyafanya kwa ujinga.

Zdenka ni jirani yetu hapa kitongoji cha Kambah, mjane, tumetenganishwa na uzio wa mbao. Miaka sita iliyopita alipata mkanda wa jeshi. Malengelenge yakapona, maumivu yakabaki ubavuni. Vidonge vya daktari vilimlaza tu kama gunia. Kilichomfaa ni bangi ya aina moja, aliyopewa na marehemu kaka yake. Kila mwaka, kabla ya baridi, alikata kijitawi akakiotesha kwenye dirisha la jikoni, na joto likirudi akakitoa nje. Huo mche ulikuwa mmoja tu, hauna ndugu popote.

Januari alitokea langoni anasukuma toroli, chungu cha mche kiko ndani.

"Jirani, binti yangu anajifungua kule Melbourne. Nakwenda wiki tatu, na mafundi wanakuja kubomoa uzio wa mbele. Nikiuacha huu watauvuna kabla sijafika uwanja wa ndege."

"Uache hapa," nikamwambia. "Umefika kwa mwenyewe."

"Maji tu, Mervyn. Usiusomeshe."

Noelene, mke wangu, alicheka mpaka akashika mlango.

Shida ni kwamba sisi tayari tulikuwa na miche minne ya bangi. Sheria ya hapa inaruhusu kila mtu miwili, na nyumba nzima isizidi minne. Sijawahi kusikia polisi akipita uani kwa watu kuhesabu. Lakini mimi ni mtu ambaye hata kitabu cha maktaba sijawahi kukichelewesha, na mche wa Zdenka ulikuwa wa tano.

"Ng'oa kile kimche chako kilichodumaa pembeni," Noelene alisema tukinywa chai.

"Kile nakitunza. Nataka nione kitafika kimo gani."

"Basi iache yote mitano. Nani atakuja kuhesabu, mfalme?"

"Kuna njia ya kisomo," nikasema.

Nikamweleza. Nitakata vikonyo, yaani vijitawi vichanga, vya mche wa Zdenka, nivibebeshe kwenye mche wangu mkubwa vishikamane nao. Mzizi ni mmoja, shina ni moja, basi kwa hesabu ni mche mmoja. Wake utaishi juu ya wangu, na nyumba itabaki na minne.

"Profesa, hiyo kazi umewahi kuifanya?"

"Nimebebesha waridi zaidi ya mia."

"Sijauliza waridi."

 Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimeshaiona siku Zdenka atakaporudi. Nitamshika mkono, nitampeleka uani, nitamwonyesha matawi yake juu ya shina langu, naye atakosa la kusema.

Nilichemsha kisu. Nilichonga vikonyo tisa kama kabari, nikapasua matawi ya mche wangu, nikavichomeka, nikavifunga kwa utepe. Kazi ilikuwa safi, hilo hata leo nalisema. Kisha, ili hesabu isizidi hata kwa siku moja, nikang'oa kisiki cha mche wa Zdenka na kukitia kwenye pipa la takataka za bustani. Lori likapita Jumatano.

Waridi tunalibebesha wakati wa baridi, mti umelala, na kikonyo kinaweza kungoja. Mche wa bangi katikati ya Januari ni maji matupu. Ulitaka kivuli, ulitaka kufunikwa usinyauke kabla ya kushika. Mimi niliuacha juani, siku ambayo lami ya barabara yetu ililainika. Siku ya tatu ndipo nilipokuja na mifuko ya mkate kuvifunika. Siku ya tisa hapakuwa na kikonyo kilichobaki kijani.

Zdenka alirudi na picha za mjukuu. Alikaa jikoni kwetu, mkono ubavuni.

"Na mgonjwa wangu hajambo?" akauliza.

"Joto, Zdenka," nikasema. "Joto limeumaliza."

Aliziweka picha mezani. Halafu akanipapasa mkono. "Usijilaumu, jirani. Kosa ni langu, kumbebesha mzee mzigo katika jua lile. Wewe mwenyewe ungeanguka."

Noelene aliweka birika mezani, akatoka nje bila kunitazama.

Ningeweza kunyamaza. Ila ule mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Nikamwambia yote: vikonyo, kisiki, pipa.

Aliuondoa mkono.

"Ya kwenu mlikuwa nayo mingapi?"

"Minne."

"Na hukuweza kung'oa hata mmoja?"

"Niliweza."

"Sasa?"

"Nilitaka ushangae."

"Nimeshangaa," akasema.

Nikamwambia achukue miche yetu yote minne, hata ule wangu mkubwa. Akatikisa kichwa.

"Ya kwenu inanilaza. Nina mjukuu sasa, nataka kukaa macho." Alitazama picha, akazirudisha kwenye bahasha moja moja. "Wiki tatu nzima, kila ubavu uliponiuma, niliuambia, vumilia, tukifika nyumbani kuna dawa. Leo nitauambia nini, Mervyn?"

Maisha yangu yote nimejifunza ili nisikose jibu mbele ya watu. 

Aliinuka polepole. Kwenye ngazi ya mlango wa nyuma aliyumba, nikanyoosha mkono nimshike. Akaupita, akamshika Noelene aliyesimama pale nje, wakavuka nyasi wawili hao mpaka upande wake wa uzio.