Mafua ya Mke Wangu

Mimi ni fundi wa makochi. Miaka yote nimewapasulia watu makochi yao, nikaweka sponji na kushona. Kwa hiyo daktari aliponipasua kifua ili atengeneze valvu ya moyo, kisha akaukaza mfupa kwa waya, nilimwelewa. Kisichonipendeza ni mshono tu. Ningeshona mimi, usingeonekana.

Siku ya kuruhusiwa alituweka kitako, mimi na mke wangu.

"Mzee, adui yako sasa ni mafua," alisema. "Virusi vikishuka mapafuni utakohoa, na mfupa haujaunga. Ukirudi hapa utarudi kwenye mashine ya kupumulia, na hapo siahidi kitu."

Mimi nilisikia, mke wangu alikariri. Tangu hapo akawa askari wa mlangoni. Aliyekuja kunijulia hali alinawishwa, akavishwa barakoa, akaamriwa avute pumzi ndefu. Akikwaruza koo tu, kwaheri. Dada yangu alipiga chafya moja, akasingizia vumbi, akafungiwa mlango usoni. Wale wawili tangu zamani ni paka na panya.

"Huyo nimembeba mgongoni kabla wewe hujamjua," dada alifoka akiwa nje.

"Na utambeba tena kwenda kumzika, ukimwambukiza," mke wangu akamjibu.

Sasa, mke wangu anafundisha chekechea, mahali ambapo makamasi ni sehemu ya masomo. Asubuhi moja aliniletea chai, macho mekundu.

"Una nini?"

"Vitunguu."

"Kwenye chai?"

Akatoka mbio. Nikasikia bomba la uani likifunguliwa kwa nguvu, na chini ya kelele za maji, chafya juu ya chafya. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Aliporudi hakuvuka kizingiti.

"Nina mafua," alisema, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Watoto wetu wako mbali, na mimi hata birika siruhusiwi kuinua. Wa kuniuguza alibaki mmoja tu. Nikamsikia akipiga simu ukumbini.

"Wifi," alisema. "Nakuomba."

Maneno hayo yote mawili nimewahi kuyasikia kinywani mwake, ila si siku moja.

Dada alifika chai haijapoa, akapita kwenye sabuni na barakoa bila ubishi. Mkuki kwa nguruwe: mke wangu akahamishiwa stoo, katikati ya sponji zangu. Akawa anatoa amri kutoka uani, kupitia dirishani.

"Mwinue polepole. Akikohoa akumbatie mto."

"Wifi, nenda kakohoe huko."

Nilicheka, na kicheko kikanitia kikohozi. Jioni nikawa nawaka. Dada akanigusa paji la uso, akaurudisha mkono haraka. Dirishani nikasikia kilio.

"Nimewafukuza watu wote," mke wangu alisema, "kumbe wa kumuua ni mimi."

Niliogopa. Niliogopa kufa, lakini zaidi niliogopa nife yeye akibaki na neno hilo.

Dada akanikimbiza hospitali. Walinipiga picha ya kifua, wakanitoa damu, wakanichokonoa puani. Daktari akaja, akanitazama nilivyofungwa, akaanza kunifunua.

"Mapafu safi, virusi hakuna," alisema. "Nani kamfunika mgonjwa blanketi tatu kwenye joto hili?"

Dada akaangalia dari.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa stoo, amejikunyata, anatetemeka kwa homa. Nikamwambia nimepona kwa kuvuliwa blanketi.

"Nilisema moja," akamwambia wifi yake. Sauti ilikuwa imemkauka.

Nikasubiri vita. Dada alichukua zile mbili za ziada, akavuka ua, akamlaza mke wangu juu ya sponji na kumfunika mpaka kidevuni.

"Usinisogelee, nitakuambukiza."

"Niambukize. Tutalala wote humu," dada akasema, akamkalia miguuni.