Mfuko wa Kumleta Mwalimu Nyumbani

Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi cherehani aliingia kwenye duka la vifaa vya uvuvi akaomba kuonyeshwa mifuko ya kutunza baridi. Muuza duka alishusha mitatu, akaipanga mezani.

"Unavulia wapi?"

"Mtoni, chini ya bwawa. Kwa kayaki."

"Samaki wa kilo ngapi?"

"Samaki ni wachache. Ni mume wangu. Alikuwa na kilo sitini na nane, ila amepungua."

Muuza duka aliuchukua ule mfuko mdogo akaurudisha kwenye rafu.

Mume huyo, mwalimu wa hesabu, alikufa mtoni miaka mitatu nyuma, asubuhi ambayo milango ya bwawa ilifunguliwa na king'ora hakikulia. Mwili haukuonekana. Mkewe alinunua kayaki ili apaone mahali penyewe, akamkuta kwenye kona ya mto, maji yamemfika kifuani. Mume akapanda, akakaa nyuma ya mkewe bila kuiyumbisha kayaki. Tangu hapo walivua pamoja kila Jumamosi. Alikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na bado alimsahihisha jinsi anavyofunga ndoano.

Shida ilikuwa nchi kavu. Kila mkewe alipojaribu kumsindikiza nyumbani, kwenye hatua ya kumi mume alianza kuyeyuka, kuanzia mabegani, ikabidi arudi majini mbio. Na mama wa huyo mume, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea kushuka mtoni, aliuliza kila wiki kama mwanawe anakula.

Pale dukani, fundi aliigeuza mifuko miwili iliyobaki ndani nje. Bitana ya wa kwanza ilikuwa imeshonwa, na yeye kwa miaka ishirini ya sindano alijua kwamba penye tundu maji hupita. Wa pili bitana yake iliunganishwa kwa moto, sponji nene vidole viwili, zipu ngumu ya kuvutwa kwa mikono miwili.

"Barafu inakaa siku mbili," alisema muuza duka. "Lakini usiwe mtu wa kufunguafungua."

Aliuchukua huo.

Mchana ule Mwalimu alijikunja mfukoni, magoti kidevuni, katikati ya chupa za barafu. Mkewe alimsukuma kwa toroli hadi nyumbani. Jioni Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la barafu. Mama yake alimtazama.

"Umekonda."

"Ni maji, mama."

"Hata kama. Na nywele hukuchana."

Akamchana. Mkewe alikaa upande wa pili, ameshika mkono wa mumewe mpaka vidole vyake mwenyewe vikafa ganzi, akabadilisha mkono. Jumapili ilipita hivyo hivyo. Mkewe alitaka kumwambia asirudi mtoni, lakini barafu ilikuwa inaisha.

Jumatatu, kabla ya kumrudisha, walipitia ofisi ya bwawa. Karani alifungua faili.

"Taarifa inasema king'ora kililia."

"Hakikulia," alisema Mwalimu kutoka mfukoni. "Nilikuwepo."

Karani aliinama kwa adabu. "Maelezo yako nimeyasikia, Mwalimu. Ila kitambulisho chako kilifutwa ulipofariki, na bila kitambulisho siwezi kuandika kitu." Kisha akamgeukia fundi. "Funga zipu, mama. Humu ndani kuna joto."

King'ora kiliendelea kukaa juu ya nguzo yake, nyaya zikining'inia.

Wiki kadhaa walifanya hivyo, mtoni na nyumbani. Halafu Jumamosi moja, wakiwa katikati ya mto, Mwalimu aliacha kuzungumza akaweka kiganja juu ya maji.

"Wamefungua. Piga kafi, elekea kulia."

Alipiga. Walifika ukingoni maji yakiwa yameanza kubadilika rangi. Upande wa chini kulikuwa na mitumbwi sita na wanawake waliokuwa wakifua. Mwalimu aliwatazama, akamtazama mkewe.

"Ingia kwanza," alisema mkewe, zipu ya mfuko ikiwa wazi. "Mama anakusubiri."

"Na wale?"

Mkewe aliusogeza mfuko karibu zaidi. Mwalimu alishuka, akaondoka na maji, akipiga kelele kwa sauti ile ya darasani. Watu walitoka mtoni mmoja mmoja, wakiburuta nguo na nyavu.

Tangu siku hiyo hakuondoka tena mtoni, kwa kuwa milango ilifunguliwa siku yoyote na saa yoyote. Ofisi iliandika kwamba kwa miezi mitatu hakuna aliyezama, hivyo hakukuwa na haja ya kutengeneza king'ora.

Jioni ya Jumamosi ile alipobaki mtoni, fundi alikuwa amerudi nyumbani na sato wawili. Mama mkwe alikuwa ameshatoa kiti.

"Yuko wapi?"

"Amepata kazi, mama. Ya kuonya watu."

Mama mkwe alifikiri kidogo.

"Ina likizo?"

"Hawakusema."

"Basi mtengenezee sweta," alisema mama mkwe, akaanza kuparua samaki.