Mama Kwenye Mashua ya Kioo

Mama hakuwahi kuielewa kazi ya bintiye ya kutembeza wageni. "Kuonyesha watu magofu na mikoko, nayo ni kazi?" alinung'unika kila mara.

Siku moja binti akampandisha mashua yenye sakafu ya kioo, pamoja na wageni. Walipofika kwenye matumbawe, mama akachungulia, akaona samaki wa manjano na wa buluu wakipishana kama watu sokoni.

"Kumbe nimezeekea juu ya uzuri huu bila kuujua!" mama akashangaa.

Binti alieleza kila kitu bila kubabaika, na wageni wakamsikiliza kwa makini. Mmoja akamnong'oneza mama, "Huyu dada anajua kueleza."

Mama akaiweka sawa kanga yake, akajibu mashua nzima isikie, "Si ajabu. Nimemzaa mwenyewe!"

Binti akainama kwa aibu, lakini tabasamu likamshinda.