Akiba ya Kidole Kimoja

Gauni lilisafiri kwa kupakatwa. Mhudumu wa ndege aliliomba mara tatu alitie kabatini, na mara tatu Pindo akakataa.

"Halitakunjika, dada."

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu Pindo, akazidi kulikumbatia na mfuko wake.

Mama mtu mzima aliyeketi dirishani akacheka. "Mwache, mwanangu. Mwenye mtoto hafundishwi kupakata."

Na mtoto alikuwa naye kweli, wa miezi kumi na mmoja, kamwacha nyumbani kwa mama mkwe. Maziwa yalikuwa yakimuuma tangu uwanjani. Lakini hakuwa akiyawaza maziwa. Chini ya miguu yake, ndani ya mkoba, simu ya marehemu ilikuwa imezungushiwa futi ya kupimia, kama kidonda kilichofungwa bendeji.

Tuanze na majina. Walikuwa wasichana watatu, walijuana kwenye darasa la jioni la ushonaji, na mwalimu wao ndiye aliyewabatiza. Mmoja alikuwa na jicho la kukata kitambaa, akaitwa Mkasi. Wa pili mguu wake haukupumzika kwenye cherehani, akaitwa Pedali. Wa tatu alikuwa mpole, mwenye subira ya kazi ya mkono, basi akaachiwa kupinda nguo na kufunga vifungo. Huyo ndiye Pindo. Walipofungua chumba chao cha ushonaji, utaratibu ukawa huohuo: Mkasi anakata, Pedali anashona, Pindo anamaliza. Hakuna nguo iliyotoka mlangoni bila kupita mikono mitatu.

Mkasi alikuwa na mambo mawili ya kwake peke yake. La kwanza, kila nguo ya mwanamke aliiachia akiba ya kitambaa, upana wa kidole kimoja, ndani ya mshono wa kwapani, hata mteja angekuwa mwembamba kama ufito. "Mwanamke haaminiki," alisema. "Leo kiuno, kesho pipa." La pili, matusi, kwa sauti yake nzito yenye mkwaruzo. Hakumpenda mtu asimtukane. Pedali alikuwa "bata maji", Pindo alikuwa "uji wa mgonjwa", na siku asipokuita jina lolote ulijua amekununia.

Pedali akapata kazi kwenye kiwanda cha nguo ng'ambo. Akapata na mchumba hukohuko, daktari wa meno. "Yaani huyu alikuona mdomo kabla ya uso," Mkasi alimwandikia, "ndiyo maana kakubali." Wakacheka wote watatu, mmoja ng'ambo na wawili huku.

Kisha Mkasi akaanza kukonda. Hospitali ikafuata, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Jioni moja alimshika Pindo mkono.

"Pedali asijue."

"Mkasi!"

"Nisikilize, uji wewe. Akijua ataacha kazi, ataacha mwanamume, aje kunililia. Na mimi sitakuwepo hata nimwone anavyolia vibaya. Mwache aolewe kwanza. Niahidi."

Pindo akaahidi. Siku nne baadaye wakamzika. Mama yake Mkasi akamkabidhi ile simu: "Chukua, mwanangu. Mimi inanichoma mkononi." Na walipokuwa bado na vumbi la makaburini miguuni, simu ikalia kwenye kiganja cha Pindo. Ilikuwa Pedali: *We Mkasi, umelala au umekufa?*

Pindo alisimama nayo barabarani mpaka watu wote wakampita. Akaandika: *Nipo, mpenzi. Kazi nyingi tu.*

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Aliyeahidi kunyamaza akajikuta anasema, na kusema kwa kinywa cha aliyekufa. Miezi saba. Pedali akipiga, simu inaachwa ilie, kisha anaandikiwa kwamba spika imeharibika. Akiuliza mbona Mkasi haji harusini, anaandikiwa kwamba amenyimwa viza. Akiuliza gauni la harusi, ambalo vipimo vyake alivituma Mkasi angali hai, anaandikiwa: *Nilishakukatia, usijali mpenzi.* Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Pindo alikuwa ameficha hata kilio chenyewe.

Kumbe gauni lilikuwa bado linamngoja mkataji. Mikono mitatu ilikuwa imebaki miwili, na ya kwake tu. Mchana mmoja, mtoto akiwa amelala kwenye kapu la vitambaa, Pindo alisimama mbele ya meza ya Mkasi, akaushika mkasi wa Mkasi. Alikata kwa woga, vipimo kama vilivyo, bila nyongeza. Alikuwa na hakika ya hilo, kwa sababu kitambaa kilikuwa kidogo, na ukingo wa kwapani aliupunguza mara mbili, ukabaki mwembamba kama kamba ya kiatu. Akashona, akatia bitana, akapinda. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahama dirisha, na hakukumbuka limehama saa ngapi.

Sasa ndege ikatua.

Pedali alimpokea kwa kelele za kuwageuza shingo abiria wote. Nyumba aliyopanga ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili safi, zulia jembamba, na viatu vimepangwa mlangoni. Hata kabla ya chai akataka gauni.

"Mkasi kasema nini ulipoondoka?"

"Kasema... anakupenda."

Pedali akamtazama kidogo. "Kasema hivyo?"

"Eeh."

"Makubwa," akasema Pedali, akaanza kuvua blauzi.

Gauni likapanda vizuri mapajani, likapanda kiunoni, likafika kifuani likagoma. Zipu ilibaki mdomo wazi. Pindo akavuta, Pedali akajibana pumzi, zipu haikusogea. Harusi ilikuwa kesho.

"Vipimo si ulituma wewe mwenyewe?" Pindo alikuwa karibu kulia.

"Nilituma." Pedali akauma mdomo, kisha akaupeleka mkono wa Pindo tumboni kwake. "Mwezi wa tatu huu. Hata mama bado sijamwambia. Usinitazame hivyo, wewe umeanza kabla yangu!"

Wakashikana wakacheka, na katikati ya kicheko Pindo akalikumbuka gauni. Gauni halina nyongeza, yeye ndiye aliyelikata, na sasa ataliharibu mbele ya macho ya bibi harusi. Lakini Pedali alikuwa ameshaligeuza ndani nje. Akafumua bitana ya kwapani kwa ncha ya sindano, akatia kidole.

"Ah! Si hiki hapa!" akasema. "Kidole cha Mkasi. Nilijua tu hawezi kuniacha."

Pindo akainama. Akiba ilikuwepo. Kidole kizima, kushoto na kulia, kimelala kimya ndani ya bitana ambayo yeye mwenyewe aliishona. Akakigusa. Chumba kilikuwa na joto, lakini nywele za mikono yake zilisimama.

"Una nini?"

"Safari," akasema Pindo. "Naenda msalani."

Huko akafunga mlango, akaketi juu ya kifuniko cha choo, akaifungua ile simu kutoka kwenye futi. Uso wake ulionekana kwenye kioo cheusi, na kwa kitambo kifupi haukuwa wake. Akaandika haraka, apate kumwondoa Pedali kwenye fikra yoyote: *Gauni limekutosha, mpenzi?* Akasikia, upande wa pili wa ukuta, simu ya Pedali ikilia. Kisha kimya kirefu, na mwisho jibu: *Limenitosha. Asante, Mkasi.*

Usiku kucha aliisikia futi ikijikunjua ndani ya mkoba. Au aliota.

Harusi ikapita, nayo ilipendeza. Gauni lilifungwa zipu mpaka juu, bwana harusi alitabasamu meno yote ya kazi, na jamaa walicheza hadi viti vikachoka. Ila picha zilipopigwa, Pedali alimweka Pindo kulia kwake na kuacha pengo kushoto. Mpiga picha akawaashiria wasogeleane. Pedali akakataa kwa kichwa. "Hapo pana mtu," akasema. Wageni wakadhani ni utani.

Siku mbili baadaye bwana harusi akawapa wawili hao siku nzima. "Nendeni mkatembee, mimi nitapika," alisema. Pedali alijua pa kwenda. Katika chumba chao cha ushonaji, juu ya cherehani, walikuwa wamebandika tangu zamani picha ya kalenda iliyochanika chini: jumba jeupe lenye kuba, na bwawa refu mbele yake limelibeba kichwa chini. Hakuna aliyejua ni nini. Mkasi alishikilia kwamba ni hoteli. "Siku mkinipeleka, mimi nitalala humo," alikuwa akisema. "Nyie mtarudi na basi."

"Lipo saa tatu kutoka hapa," Pedali akamwambia Pindo ndani ya basi. "Mimi nililiona mwaka jana tu, kwenye bango. Nikasema silitazami peke yangu."

Wakalifikia asubuhi. Jumba lilikuwa vilevile, hata wingu moja juu ya kuba lilikuwa kama la kwenye kalenda. Wakavua viatu mlangoni, wakakanyaga mawe ya baridi. Mwongoza wageni, mzee mfupi mwenye fimbo, akasema maneno mengi kwa lugha yake, na Pedali akawa anatafsiri kwa sauti ya chini, mpaka akasita.

"Anasemaje?"

"Anasema... si hoteli. Ni kaburi. Mtu alimjengea mkewe."

Pindo akausikia ubaridi wa mawe ukimpanda kutoka nyayoni hadi magotini. Mimi nitalala humo. Nyie mtarudi na basi.

Mzee akawaingiza chini ya kuba. Ndani palikuwa na mwanga hafifu, na wageni wengine walikuwa wametoka. Akaeleza jambo huku akionesha juu kwa fimbo, kisha akawaacha.

"Anasema ukiita jina hapa halipotei upesi," Pedali akatafsiri. "Watu huita majina ya watu wao."

Kabla Pindo hajamzuia, Pedali akainua kidevu.

"Mkasi!"

Kuba likalipokea jina, likalizungusha. Mkasi, likasema, kasi, kasi, kama mkasi wenyewe unaokata kitambaa kirefu, na kila lilipozunguka lilirudi karibu zaidi na sikio la Pindo. Akaziba masikio. Halikuzibika. Akaketi chini pale pale.

"Amekufa," akasema. "Pedali, Mkasi amekufa. Miezi saba sasa. Nilimwahidi kunyamaza. Ni mimi niliyekuwa naandika, yote ni mimi, nisamehe..."

Kuba likayarudisha na hayo pia, na ilikuwa vibaya mno kuyasikia mara ya pili.

Pedali akaketi karibu naye. Hakupiga kelele. Akamtoa Pindo mikono masikioni, polepole, kama unavyomtoa mtoto kidole kinywani.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Pindo. Mkasi tangu tujuane hajawahi kupitisha siku bila kunitukana. Mimi ni bata maji, mimi nina miguu ya meza. Halafu siku moja namuuliza amelala au amekufa, ananijibu mpenzi." Akacheka, na machozi yakamshuka humo kwenye kicheko. "Mpenzi! Nilizima simu nikalia kiwandani mpaka msimamizi akanirudisha nyumbani. Nani mwingine duniani angeandika mpenzi? Ni wewe tu, uji."

"Miezi saba unajua, na unajibu?"

"Nilifikiri ndivyo unavyomlilia. Sikutaka kukunyang'anya. Na mimi..." Akafuta pua kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa bado naandika jina lake, na kuna mtu anajibu. Juzi ulipoingia msalani na Mkasi akaandika, nusura nibomoe mlango."

Wakalia basi, kilio kilichochelewa miezi saba. Kuba likawasaidia, mpaka ikawa kama wanalia watu wengi.

Walipotulia, Pedali akasema, "Lakini alikuwa ameshanikatia gauni kabla. Hilo namshukuru."

Pindo akatikisa kichwa. "Nililikata mimi. Mwezi uliopita."

"Usinitanie."

"Vipimo kamili, Pedali. Ukingo niliupunguza mara mbili kwa mkono huu. Sikuacha akiba."

Wakatazamana. Pedali akaweka mkono tumboni, kwa yule ambaye gauni lilikuwa limempa nafasi, na mkono mwingine akaushika wa Pindo, akaugeuza kiganja juu, akautazama sana kama mtu anayetafuta mwandiko. Kisha kilio kikamrudia upya, kikubwa kuliko cha kwanza, pua na macho vyote pamoja.

Pindo akafungua kinywa ambembeleze. Alikuwa amekusudia kusema, pole mpenzi.

"Funga bomba hilo, bata maji wewe!" kinywa chake kikasema. "Utaniloweshea kaburi la watu. Ndiyo maana hata daktari wa meno alikuoa amefunga pua."

Sauti ilitoka nzito, yenye mkwaruzo, wala haikutetemeka. Ikapanda, ikazunguka kubani. Bata maji, likasema kuba. Maji, maji.

Pedali alikuwa amenyamaza ghafla, ameshika kifua. Akamtazama Pindo usoni, kisha juu ya bega la Pindo, kisha usoni tena. Na polepole, huku machozi bado yanaelea, uso wake ukafunguka.

"Umechelewa," akasema kwa sauti ndogo. "Miezi saba nakungoja."

Nje, mzee wa fimbo alikuwa akiwaita, basi linaondoka. Pindo akafungua mkoba. Simu ilikuwa imezimika yenyewe, betri imekwisha, na futi imejikunjua yote. Akaiacha simu izime. Futi akaikunja vizuri, akaivaa shingoni kama fundi aliye kazini, wakatoka juani kuvaa viatu.