Koplo na Mjomba Wake

Kheri alirudi kutoka kozi na V mbili za ukoplo begani. Za shati la pili nilimshonea mwenyewe, kwa uzi wa kijani, maana za shati la kwanza fundi alizipindisha. Kheri ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu marehemu, nami nimemlea hapa Utende tangu hajaota meno. Nilipomaliza kushona nikamwambia, "Mume wangu, sasa umekuwa mkubwa, usije ukaniletea mke mwenza." Akasema hana haja, huyu mmoja asiye na meno anamtosha.

Alikuja na kijitabu cha kozi, kurasa arobaini na kitu, cha mambo ambayo kiongozi mpya wa askari wa majini lazima ayajue. Nimesoma mpaka darasa la saba, basi nikavaa miwani nikakimaliza kwa siku mbili. Kinasema ujue majina ya askari wako na makwao. Usimkemee mtu mbele ya wenzake. Amri itoke kwa mtu mmoja, iwe fupi. Boti isiondoke gatini mpaka umtazame kila mtu kama amevaa jaketi la kuokolea. Nilikipenda. Niliona ni adabu tu, imeandikwa vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo linamkera. Kikosi chao cha doria kilimpa boti moja na askari watatu: Taufiki, Zubery na Mkadam. Mkadam ni mwanangu wa mwisho, kwa hiyo ni mjomba wake Kheri. Amemzidi miaka kumi na moja, na ndiye aliyemfundisha kuogelea. Aliingia kikosini zamani, ila shule hakufika mbali, basi vyeo vikawa vinampita. Kheri akaniuliza, mjomba nitamwamuruje?

Nikamjibu bila kufikiri sana. "Mjomba ni mjomba hata uwe jenerali. Mwamkie kwanza, halafu mwombe. Usimwamuru."

Hayo ni maneno yangu, simsingizii mtu.

Wiki ya pili yake ilikuwa bamvua, maji yakipwa yanakwenda mbali kabisa. Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye mwani na Siwema, mke wa Mkadam, tunafunga mbegu kwenye kamba. Siwema ndiye aliyeona mtu anakuja kutoka ufukweni na kombati, na viatu miguuni, anapita kwenye madimbwi bila kuchagua njia. Nikasema huyu atateleza kwenye majani ya bahari. Alipokaribia nikaona ni Kheri, na kofia hana.

Hakuniamkia. Alisema, "Bibi, mjomba yuko majini. Ameanguka mlango wa Kinasi tangu saa mbili. Hana jaketi."

Siwema alikaa palepale, maji yakamfika kifuani, na fungu la mwani bado kalishika.

Mengine Kheri alinieleza tukirudi ufukweni, na mengine Taufiki baadaye. Asubuhi gatini Kheri alimwamkia mjomba wake, akaitikiwa marahaba, akamwomba avae jaketi. Mkadam akacheka, akasema aliyekufundisha kuogelea ndiye unayemvalisha boya? Wale vijana wakacheka nao. Kheri akanyamaza, boti ikaondoka. Walipofika mlangoni, pale maji yanapopita kati ya miamba kwenda bahari kuu, kamba ya wavu uliotelekezwa ikajisokota kwenye panga la injini. Mkadam, mtu asiyengoja kutumwa, akainama nyuma ya boti na kisu aikate. Wimbi likaja ubavuni. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu kwenda nje, na injini ya boti imekwama. Waliona kichwa chake mara tatu. Walipomaliza kuikata kamba hawakukiona tena, wakarudi pwani kutafuta msaada.

Siku ile walitafuta mpaka giza. Boti nyingine ya kikosi ilikuja, na wavuvi wa Jibondo na wa Bwejuu wakatoka bila kuombwa. Kesho yake hali kadhalika. Mimi sikutoka ufukweni. Watu waliniletea uji na mkeka, nikaukalia mkeka, uji ukapoa. Kila mashine iliyolia nilisimama.

Saa kumi jioni ya siku ya pili upepo wa kusi ulikaza. Wavuvi wakarudi mmoja mmoja, na kila aliyenipita aliangalia chini. Mwisho ikaja boti ya Kheri kuchukua mafuta. Viganja vya Taufiki vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyekundu. Zubery alishuka akatapika maji ya chumvi, akajifuta kwa mkono, akakaa mchangani.

Nje ya mlango yapo majabali ambayo hayafunikwi hata maji yakijaa. Mtu anayejua kuogelea anaweza kuyashika. Nikamuuliza Kheri kama wameyatazama. Akasema wamepita mara mbili.

"Mmepita kwa mbali."

"Kwa mbali, Bibi. Mawimbi yanapasuka pale, hapakaribiki."

Nikamwambia jua bado lipo, warudi mara moja tu, wakaribie, waite jina lake. Akatikisa kichwa. Basi nikamwacha yeye nikawageukia wale vijana. Niliwaita wanangu. Nilimshika Taufiki mkono na vidonda vyake vile. Sijawahi kumlilia mtu asiye wa kwangu, siku ile nililia. Taufiki akasema tutakwenda, Bibi, usilie. Akaanza kufunga jaketi lake, na Zubery naye akainuka, anayumba.

Kheri akasema, "Taufiki, vua jaketi. Zubery, ifunge boti."

Walisimama wananitazama mimi.

"Hakuna anayekwenda. Nimesema mimi."

Nikamwambia, "Kheri, yule ni mjomba wako. Ni mwanangu."

"Najua. Na hawa nao wana mama zao." Akasimama kati yao na boti. "Alfajiri tutatoka. Sasa hapana."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia cheo kimemtoa utu. Nilimwambia kama anaogopa anipe mimi hiyo boti. Zubery alikuwa analia kwa sauti kama mtoto. Kheri aliyasikia yote amesimama wima, mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akakaa mchangani, mbali kidogo nami. Nikamfukuza. Hakuondoka, wala hakunisogelea, mpaka adhana ya magharibi.

Alfajiri upepo ulikuwa umetulia, wakatoka. Safari hii waliyakaribia majabali mpaka Taufiki akayakanyaga kwa miguu yake. Yalikuwa matupu. Walitafuta siku nne zaidi, wakafika hadi maji ya kina kirefu, kisha amri ikatoka kwa wakubwa kwamba basi.

Afisa mmoja alikuja kuandika taarifa. Alikuwa mtu mpole, akataka kumsaidia Kheri. Akamwambia waandike kwamba marehemu, hivyo ndivyo alivyomwita, alikataa amri ya kuvaa jaketi. Kheri akasema hakukataa amri yoyote, kwa sababu hakupewa. Nami nikamwambia yule afisa kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kijana aombe. Alinisikiliza kwa heshima, lakini hakuandika kitu.

Kheri bado ana V zake mbili, uchunguzi haujaisha. Huja kila Ijumaa, ananijazia maji, ananiita Bibi, nami namwitikia. "Mume wangu" sijamwita tena.

Siwema ndiye anayenitia uchungu zaidi. Mwili haujaonekana, na sheikh amesema suala la mtu aliyepotea lina taratibu zake, tusiharakishe. Basi hajawa mjane na mume hana. Jana tukiwa kwenye mwani aliniuliza kama aanze eda. Nilimwambia asubiri kidogo. Anasubiri nini, sijui.